Hewa Yaweza Kutoa Ushahidi wa Kazi?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa elimu wa tawi, Gatitu, Nyeri



Katika mkutano uliopita ndugu mmoja wa malori aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema amesikia redioni kwamba wataalamu walijua hasara iliyoletwa na kufungwa kwa miji wakati wa Korona kwa kupima moshi ulio hewani. Akauliza: "Moshi wa lori langu na mshahara wangu vinajuana wapi?" Watu wakacheka, na mkutano ukaendelea. Lakini swali lile halikuniacha. Nimelitafutia habari, na Kamati ya Elimu imenipa nafasi leo niwaelezeni nilichokipata. Nasema mapema ili asije mtu akalala kabla ya kusikia: kipimo hiki ni cha kweli, tena kina akili. Lakini kwa watu wa kazi kama zetu kinaona sehemu tu ya mambo, na chama kisichojua hivyo kitashindwa nacho mezani.

Kwanza tukumbushane tarehe, maana tumeanza kusahau. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 1920 na mia moja, yaani 2020. Mnisamehe, ulimi wa zamani. Shule zikafungwa. Matatu ya watu 14 ikaamriwa kubeba watu 8. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, tangu saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Wazee walio hapa waliijua kafyu tangu siku za Emajensi, kwa hiyo hawakuhitaji kufundishwa maana yake. Tarehe 6 Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa, zikabaki zimefungwa mpaka tarehe 7 Julai. Malori ya vyakula na mizigo yaliruhusiwa kupita, abiria hawakuruhusiwa. Kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021, siku ya Mashujaa, pale Wang'uru katika Kirinyaga.

Sasa katika Aprili ile ya 2020 ilitokea picha ambayo wengi wenu mliiona katika simu. Mtu alisimama Nairobi, akapiga picha ya majumba marefu ya mji, na nyuma yake, umbali wa kilomita kama 150, Mlima Kenya umesimama wazi na ncha zake zote. Watu wa Nairobi wakabishana. Wengine wakasema picha ni ya uongo, imeunganishwa. Sisi wa huku tulishangaa kidogo kuona watu wanagombana kwa sababu ya mlima tunaouona kila asubuhi tukienda kupiga mswaki. Lakini picha ilikuwa ya kweli. Na maneno yaliyosemwa juu yake yalikuwa haya: magari yamesimama, hewa imesafika, mlima umeonekana.

Hayo ndiyo mawazo ya kipimo chenyewe, ila wataalamu hawatumii macho. Nieleze wanavyofanya.

Injini inapochoma mafuta kwa moto mkali sana, hewa iliyo ndani yake huungua pamoja na mafuta, na hutoka gesi iitwayo nitrojeni dioksidi. Hutoka katika motokaa, zaidi katika malori na mabasi ya dizeli, katika viwanda, na katika mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe au mafuta. Gesi hii ina tabia mbili zinazoifanya shahidi mzuri. Haikai hewani siku nyingi; kwa muda wa saa chache hugeuka au hutoweka. Kwa hiyo ukiikuta leo mchana, ujue imetolewa leo, wala si ya mwezi uliopita. Tabia ya pili, haifiki mbali na mahali ilipotoka. Ukiikuta juu ya mji, ni ya mji ule.

Tarehe 13 Oktoba 2017 Wazungu wa Shirika la Anga la Ulaya walirusha setilaiti iitwayo Sentinel-5P, na ndani yake chombo kinachoitwa TROPOMI. Chombo hiki kinatazama mwanga wa jua unaorudi kutoka chini na kujua gesi hii ni kiasi gani. Kinapita juu ya kila nchi mara moja kwa siku, mnamo saa saba na nusu mchana, na kinaigawa nchi vipande vya kilomita kama 5.5 kwa 3.5. China ilipoufunga mji wa Wuhan mwezi wa Januari 2020, chombo hicho na kile cha Marekani vilionyesha gesi ikipungua sana juu ya miji ile. Baadaye ikawa hivyo Italia ya kaskazini, na miji mingine mingi.

Basi wataalamu wa uchumi wakaona njia. Hesabu ya mali ya nchi hutoka kila miezi mitatu, tena imechelewa. Serikali ikifunga mji leo, haitajua hasara mpaka miezi mingi ipite. Lakini hewa inasema siku hiyo hiyo. Wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, katika mwaka huo wa 2020, wakachukua vipimo vya gesi hii vya kila siku katika nchi nyingi, wakavilinganisha na siku ambazo kila nchi ilitoa amri zake. Wakaona kwamba kwa wastani amri zile zilileta hasara iliyo sawa na kupotea kwa kazi ya viwanda kiasi cha 15 kwa mia katika siku 30 zilizofuata. Wakaona pia kwamba kufunga mahali pa kazi na kuamuru watu wakae nyumbani ndiko kulikopunguza ugonjwa zaidi, na ndiko kulikoumiza uchumi zaidi. Tena, ndugu zangu, hili lisitupite: waliona kwamba mahali ambapo serikali ilitoa msaada wa fedha, hasara ilikuwa ndogo. Mnakumbuka hapa kwetu kuanzia Aprili 2020 mtu mwenye mshahara wa shilingi 24,000 au chini hakukatwa kodi ya mapato. Nafuu ile ilibaki hata baada ya mwanzo wa Januari 2021, na kafyu ilikuwa bado.

Sitaki mtu aseme nadharau elimu. Kipimo hiki kina faida moja kubwa, nayo ni kwamba hakiombi ruhusa ya mtu. Jirani zetu Tanzania waliacha kutangaza hesabu ya wagonjwa mwisho wa Aprili 2020. Nchi yaweza kuficha karatasi, lakini haiwezi kuficha hewa iliyo juu yake. Na Uganda, ambako mabasi na taksi zilisimamishwa tarehe 25 Machi na hata motokaa za watu binafsi siku chache baadaye, kuna vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere wenye mradi uitwao AirQo. Wametengeneza vipima hewa vya bei nafuu, wakavifunga katika majumba na hata juu ya bodaboda. Hiyo ni elimu ya Kiafrika na ni ya kusifiwa.

Lakini sasa tuilete elimu hiyo hapa Gatitu, tuone itatuonaje.

Mimi wakati ule nilikuwa dereva wa matatu ya watu 14. Njia yangu ilikuwa Nyeri na Nairobi, ikafungwa, nikahamia Nyeri na Karatina. Nilipokuwa na abiria 14 gari lilichoma mafuta. Nilipokuwa na abiria 8 gari lilichoma mafuta yale yale, maana injini haihesabu viti. Mtu akitazama kutoka juu ataona moshi ni ule ule, atasema kazi ya ndugu huyu haikuguswa. Lakini katika kila safari viti 6 katika 14 vilikuwa vitupu. Nauli ikapanda, abiria wakapungua tena, kondakta wangu akaachishwa, nikawa mimi ni dereva na mimi ni kondakta. Hali hiyo ya viti iliendelea mpaka Agosti 2021. Kondakta yule hakuonekana na setilaiti wala alipokuwa kazini wala alipotoka.

Tena malori hayakusimama. Na lori la dizeli ndilo linalotoa gesi hii nyingi kuliko gari dogo. Kwa hiyo katika barabara yetu chombo kitaona sana lile lililoendelea, na kitaona kidogo lile lililosimama.

Kisha kafyu ilikuwa ya usiku, na chombo kinapita saa saba na nusu mchana. Ni nani waliokula hasara ya usiku? Mama anayekaanga viazi penye steji, ambaye biashara yake huanza watu wakitoka kazini. Mchoma nyama. Watu wa mabaa na wapishi wao. Dereva wa basi la usiku. Hao wote mapato yao yalikatwa saa moja jioni kama kamba, na mchana wa kesho yake hewa haikuwa na habari yao.

Sasa twende juu kidogo mpaka Naro Moru. Pale kuna wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Wageni waliokuja Kenya mwaka 2019 walipita milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika 600,000. Mpagazi akibeba kilo zake kupanda mlima, kichwani mwake hakuna injini. Akikaa nyumbani mwaka mzima, hewa ya Naro Moru haitabadilika hata kidogo. Vivyo hivyo wale wa mashamba ya maua upande wa Timau, waliorudishwa nyumbani Ulaya ilipoacha kununua. Msichana anayekata maua na kuyafunga hatoi moshi. Shughuli za hoteli na mikahawa katika Kenya nzima zilipungua karibu nusu mwaka ule wa 2020. Hoteli inatumia umeme, na umeme wetu mwingi unatoka katika mvuke wa Olkaria, katika maji ya mito na katika upepo. Huko Ulaya na China kiwanda kikizimwa, mtambo wa makaa ya mawe nao hupunguza moto, na gesi hupungua. Hapa hoteli ikizima taa zote, Olkaria haina moshi wa kupunguza.

Na chai je? Mwaka 2020 mvua ilikuwa nyingi. Kenya ilipata chai karibu kilo milioni 570, na mwaka uliotangulia ilikuwa kama milioni 459. Viwanda vya chai vya wilaya hii, Chinga, Gathuthi, Iriaini na vinginevyo, vina boila zinazochoma kuni. Majani yakiwa mengi, kuni ni nyingi na moshi ni mwingi. Basi hapa kwetu moshi mwingine uliongezeka katika mwaka uleule ambao watu wa miji walikuwa wakilia. Tena moshi wa kuni si sawa na wa dizeli. Moto wake si mkali hivyo, gesi ya nitrojeni huwa kidogo na masizi ni mengi. Kwa hiyo chombo hakikuona vizuri hata pale palipokuwa na kazi.

Mvua hiyo hiyo inaturudisha kwa picha ya mlima. Aprili ni masika. Mvua huosha hewa. Yule aliyeuona mlima kutoka Nairobi, aliuona kwa sababu magari yalikuwa machache, au kwa sababu usiku ulipita mvua ukawa asubuhi yenye hewa safi? Huenda ni yote mawili. Ndiyo maana wataalamu wenyewe, wale wanaojua kazi yao, hawalinganishi Aprili na Februari. Hulinganisha Aprili na Aprili za miaka iliyopita, na huondoa kwanza athari ya mvua, upepo na joto. Na mawingu yakiwa mazito chombo hakioni chini. Anayekaa Nyeri mwezi wa Julai ajiulize mwenyewe ni siku ngapi chombo kile kingeona paa la nyumba yake.

Liko jambo moja lililonigusa kuliko yote, nami nitakaa hapo kidogo.

Watafiti waliwauliza watu wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, katika Aprili 2020, juu ya mapato yao na jiko lao. Katika kila watu 100, watu 95 walisema mapato yamepungua au yamekoma kabisa. Na katika wale waliokuwa wakipikia gesi ya mtungi kabla ya kufungwa, kama robo walirudi kwenye mafuta ya taa au kuni. Fikirini maana yake. Mtu amepoteza kazi, moshi wa nyumba yake umezidi. Setilaiti inasema: hewa ya mji imesafika. Mama yule aliyeinama jikoni anakohoa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zikipikia kuni. Kwa hiyo nchi yetu ina moshi wa kazi na ina moshi wa umaskini, na mara nyingine mmoja hupanda mwingine ukishuka. Anayepima mmoja tu asiseme amepima maisha ya watu.

Sasa mtaniuliza, haya yatusaidia nini katika chama? Nitawaambia yaliyonipata.

Mwaka 2021 nilikuwa mmoja wa wajumbe waliokwenda kwa tajiri mmoja, ambaye jina lake halina haja. Alikuwa amekata mishahara nusu tangu Aprili 2020, na hakuwa ameirudisha. Tukaketi. Akatoa gazeti lenye ramani ya rangi, nyekundu ya mwaka 2019 na ya samawati ya mwaka 2020, akaliweka mezani na kusema, "Hata setilaiti imeona kwamba biashara imekufa. Mnataka nitoe wapi?" Ramani yenyewe ilikuwa ya nchi za ng'ambo. Sisi tulikuwa watu wanne, na hapana hata mmoja aliyekuwa na neno la kujibu. Tuliogopa rangi. Tukaomba nafasi tukafikiri, tukatoka, na nusu mshahara ikaendelea miezi mingine mitano. Kosa lile ni letu sisi wajumbe, nami nalikiri mbele yenu.

Tungejibu nini? Tungesema: Bwana, hewa ya Milan haijui vitabu vyako. Tuonyeshe vitabu. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, inamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohusika ili chama kiweze kujadiliana sawasawa. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya mwaka huo kinamtaka ashauriane na mfanya kazi kabla ya kubadili masharti ya kazi yake. Na kama anataka kupunguza watu, kifungu cha 40 kinamtaka atoe taarifa ya mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Katika vifungu vyote hivyo hapana neno setilaiti.

Na ramani hukata pande zote mbili. Magari yaliporudi barabarani, wakubwa walisema uchumi umerudi. Kweli, uchumi wa Kenya ulipungua kidogo tu mwaka 2020, kiasi cha 0.3 kwa mia, na mwaka 2021 ukapanda zaidi ya 7 kwa mia. Lakini Shirika la Kitaifa la Takwimu lilihesabu kwamba watu wenye kazi nje ya mashamba madogo walikuwa milioni 18.1 mwaka 2019, wakawa milioni 17.4 mwaka 2020. Hao laki saba walipotea katika mwaka ambao hesabu ya nchi ilitikisika kidogo tu. Wengine waliporudishwa kazini walirudishwa kama vibarua wa siku, kazi ile ile, barua hakuna. Hewa imejaa moshi kama kwanza, mlima hauonekani tena kutoka Nairobi ila siku chache, na mtu anaweza kukuonyesha ramani nyekundu akasema, "Tazama, kazi zimerudi zote."

Kamati ya Elimu imekubali jambo dogo. Tumenunua daftari kubwa, liko ofisini kwa katibu. Kila steji, kila hoteli na kila kiwanda chenye wanachama wetu, mjumbe wake ataandika kila Jumamosi mambo manne: watu wangapi walifanya kazi juma lile, siku ngapi, walilipwa kiasi gani, na wangapi wameondolewa. Majina yasiandikwe. Ninyi wa matatu mtaandika pia safari na abiria, si safari peke yake. Akina mama wa steji si wanachama wote, lakini nimewaomba wawili watuandikie mapato ya jioni, nao wamekubali, mmoja kwa sharti kwamba daftari lisionekane na mtu wa ushuru.

Siku nyingine ikija amri ya kufunga, kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine yoyote, wataalamu watakuwa na hewa yao na sisi tutakuwa na daftari letu. Tuviweke pamoja mezani. Ikiwa vinakubaliana, vizuri. Ikiwa havikubaliani, hapo ndipo mazungumzo yatakapoanzia.

Ndugu wa malori, hilo ndilo jibu langu, ingawa limekuwa refu kuliko swali lako. Moshi wako na mshahara wako vinajuana siku lori linapotembea na unapolipwa kwa safari. Zaidi ya hapo vinasalimiana kwa mbali. Bwana Mwenyekiti, naona ndugu wawili wameinua mikono, na mama mmoja pale nyuma. Aanze mama.